Mpaka Chai ya Amoit Ichemke

Tulimzika Wandera huko Mundika mwezi uliopita, na nilipofika nyumbani kwake kitu cha kwanza nilichokitafuta kwa macho ni lori lake. Mniwie radhi, lakini ndivyo nilivyo. Watu walikuwa wakipanga mstari kumpa mjane pole, nami nilipokwisha kumpa mkono nikazunguka nyuma ya nyumba, na pale kando ya migomba nikaliona. Rangi yake ya buluu ilibaki mlangoni tu, lakini magurudumu yalikuwa na upepo, na lori kuukuu lenye upepo magurudumuni ni lori ambalo bado linatembea. Nikasimama nikilitazama mpaka mtu akanishika bega kwa nyuma akasema, "Nabwire, wewe hata kwa matanga unatafuta kazi?" Sikuhitaji kugeuka kumjua. Ilikuwa sauti ya Amoit, ambaye sikuwa nimemwona tangu alipoolewa ng'ambo ya mpaka, Tororo, na aliponikumbatia akinukia moshi wa kuni, mwaka wote niliokaa naye Malaba ukanirudia kwa mkupuo.

Nilikozaliwa na nani aliyenizaa ni habari ndefu, na leo haina kazi. Nitaanza na mimi nikishuka Malaba, mpakani na Uganda, kutoka kwetu Samia, upande wa Nangina, begi moja likiwa na nguo na jingine likiwa na koleo, bisibisi na taa ya kupimia moto wa betri. Umeme wa magari nilikuwa naujua. Nilifunzwa katika gereji moja mjini Busia na fundi ambaye hakujua kusifu mtu, na nilipotoka kwake nilijiona niko tayari kwa lori lolote. Wenye malori hawakujua hivyo. Amoit alikuwa Mteso wa pale pale, mrefu, mcheshi, anauza chai chini ya turubai katika yadi ya mafundi, na kucha zake zilibadilika rangi kila wiki. Ndiye aliyenipa nusu ya chumba chake siku ile ile ya kwanza, baada ya kuniuliza swali moja tu: "Unakoroma?"

Chumba kilikuwa cha mabati, na ukuta wake mmoja ndio uliokuwa ukuta wa hoteli walimokula mafundi jioni, kwa hiyo hatukukosa habari. Tulikaa kitandani na sufuria katikati yetu, tukila atap, ule ugali wa mtama na muhogo, kwa kunde zilizoungwa na njugu za kusaga, huku tukisikiliza ng'ambo ya mabati ni nani ameoa, ni nani ametorokwa, na lori la nani limekataa kuwaka. Amoit alikuwa akiinua kidole chenye rangi kunizuia nisitafune kwa nguvu mahali patamu pa hadithi. Nina nyumba ya matofali sasa, na meza ya kulia yenye viti sita, lakini hadi leo nikionja njugu za kusaga masikio yangu husimama yenyewe.

Lazima nieleze foleni ya malori mpakani. Siku hizi malori huvuka mpaka upesi, na vijana wa gereji yangu hawaniamini nikiwaambia kwamba mwaka ule, simu za mkononi zikiwa ndio kwanza zinaanza kujaa Malaba, lori liliweza kukaa barabarani mpaka dereva akazoeana na mbwa wa mji. Dereva aliyekaa hivyo aligeuza lori lake kuwa nyumba. Alifunga balbu ya kumwangazia akipika, akafunga redio, akafunga waya wa kuchaji simu. Kisha jirani wa lori la mbele ambaye betri yake imekufa akaja kuomba moto, na mama wa chai akaomba moto, na kumnyima mtu moto wa betri kwenye foleni kulihesabiwa ubaya sawa na kumnyima maji. Kila aliyekubaliwa alifunua sanduku la fyuzi, akapachika waya wake humo, akaenda zake. Fyuzi kazi yake ni kukatika mapema ili waya usiungue, na kwa mizigo ile zilikatika kweli. Sasa nani alikuwa na muda wa kutafuta fyuzi nyingine? Waliviringisha karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara wakaisokomeza mahali pake. Karatasi ikiungua, waliweka msumari. Msumari haukatiki, kwa hiyo kinachoungua ni lori. Nimetoa kwenye masanduku ya fyuzi ya Malaba misumari, pini za nywele, na mara moja mpini wa kijiko, na kila kimoja kiliwekwa na mtu aliyedhani anasaidia.

Ndivyo lilivyoungua lori la Wandera. Yeye alikuwa mtu wa Mundika, mpole, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwa kali, na alikuwa amebeba chumvi ya kupeleka Uganda wakati moshi ulipoanza kutoka chini ya dashibodi. Walilikokota wakalitoa kwenye foleni, wakalileta yadini na kuliacha karibu na turubai la Amoit. Sanduku la fyuzi lilikuwa limeyeyuka likashikana na nyaya, na nyaya zote zilikuwa za rangi moja, rangi ya masizi. Mafundi walikuja mmoja mmoja, wakachungulia, wakatikisa kichwa. Wandera alishinda ameketi kwenye ngazi ya lori akiwaangalia wakichungulia, na nilimwonea huruma kwa jinsi alivyomshukuru kila mmoja.

Mkuu wa yadi alikuwa Mzee Omuse, fundi wa umeme aliyeheshimiwa pande zote mbili za mpaka. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, na alikuwa ametangaza kwamba mvua zikiisha atarudi kwa ng'ombe wake Amagoro na kumwachia mtu kibanda chake. Kibanda hicho kilikuwa langoni. Dereva akiingia, ndicho alichokiona kwanza, kwa hiyo mwenye kibanda ndiye aliyepata malori, na sisi wengine tulipata masalio. Mimi masalio yangu yalikuwa balbu za indiketa. Kila mtu alijua kwamba kibanda ni cha Barasa, na Barasa alijua kuliko wote. Alikuwa fundi mzuri, sitamsingizia, mwenye bidii na sauti kubwa. Lakini aliniita "dada wa balbu" mbele ya madereva, na mimi nilikitamani kibanda kile mpaka nikawa nakiota. Nilikuwa nimeshaamua kwamba nisipokipata nitarudi nyumbani na kuuza koleo.

Yadi ile ilikuwa na desturi moja ambayo sijaikuta kwingine. Ukifunga sanduku jipya la fyuzi kwenye lori, huondoki hivi hivi. Mwenye lori anawasha injini, kisha anawasha kila kitu kwa pamoja, taa kubwa, indiketa, waipa, honi, nawe unaweka kiganja juu ya sanduku mbele ya watu. Chai inabandikwa jikoni kwa maji baridi. Ukikishikilia kiganja pale mpaka chai ichemke, kazi imepita. Kazi mbovu hupata moto, na moto hauna siri. Watu wazima walikuwa wamewahi kutoa mkono pale na kuhamia miji mingine.

Jioni moja tulikuwa tunakula, tukasikia sauti ya Barasa ikipita ukutani. "Hiyo gari ya Wandera ni ya kutoa waya yote, uweke mpya. Mimi sigusi. Ufunge sanduku mpya juu ya hiyo takataka, halafu ushike uchomeke mkono mbele ya watu? Zii." Mtu akacheka akasema basi apewe yule dada wa Samia. "Mpeni," Barasa akajibu. "Si kila siku anataka kazi ya lori. Akitoa mkono, atarudi kwa balbu zake na hayo maneno yataisha." Kisha nikamsikia Mzee Omuse, ambaye hakuwahi kupaza sauti: "Mwenye atashika hiyo sanduku mpaka chai ichemke, huyo ndiyo nitaachia kibanda. Hata awe nani." Amoit alikuwa ameacha kutafuna. Alinisogezea tonge kubwa la atap akasema, "Kula. Kesho uko na kazi."

Asubuhi nilimkuta Wandera kwenye ngazi yake. Nikamwambia, "Mzee, niachie hii lori."

"Wote wamekataa, dada. Wewe umeona nini wao hawajaona?"

"Nimeona hakuna mwingine anaitaka."

Akacheka, akanitupia ufunguo.

Nililala chini ya dashibodi ile siku nyingi, miguu yangu ikitokeza mlangoni na kila mpita njia akiisemea neno. Sanduku la zamani lilikuwa na nafasi chache za fyuzi za kioo, na kila fyuzi ilibeba zaidi ya kazi moja. Nyuma ya yadi kulikuwa na basi linalovunjwa kwa vipuri, nami nikatoa humo sanduku la fyuzi bapa, lenye kifuniko na nafasi za kutosha kila waya kupata yake. Kazi ilikuwa kujua waya gani ni upi. Niliushika mmoja mmoja, nikaupima kwa ile taa yangu, nikaufuata mpaka mwisho wake, na nilipokwisha kuujua niliupaka alama kwa rangi za kucha za Amoit. Nyekundu ikawa taa kubwa, zambarau ikawa waipa, dhahabu ikawa indiketa. Barasa alipita akauliza kama natengeneza lori au napamba bibi harusi. Nikamwambia anyooshe vidole nimpake na yeye. Hata Wandera alicheka, na Wandera hakuwa mtu wa kumcheka mwenzake.

Zikabaki nyaya za majirani. Hata baada ya kuungua, lori lile halikumaliza siku yadini kabla watu hawajapachika nyaya zao upya kwenye mabaki ya sanduku. Zilitoka dirishani zimefungamana kama mkia wa ng'ombe, na mmoja uliishia kwa Amoit, penye balbu yake, redio yake, na benchi la simu za wateja alizokuwa akizichaji. Nilizitazama nyaya zile, nikawaza mkono wangu juu ya sanduku, nikachukua koleo na kuzikata zote.

Amoit alikuja akasimama mlangoni mwa lori, mwiko wa chai mkononi. "Umekata na yangu?"

"Nimekata zote."

"Mimi ni zote?"

Akageuka, akarudi kwenye chai yake. Jioni alipika kama kawaida, lakini alinipakulia kwenye sahani, sahani yangu peke yangu, naye akala kwa sufuria akiwa ameelekea ukutani. Tangu nifike Malaba hatukuwahi kula kwa vyombo viwili. Nilikuwa na haki, kila fundi angekubali kwamba nina haki, lakini sahani ile niliirudisha nusu. Ukutani walikuwa wakisimulia kisa kizuri sana cha mtu na mama mkwe wake, na hakuna kati yetu aliyekicheka. Nilimkasirikia, nikajikasirikia, kisha nikawakasirikia madereva wote wa foleni. Na nilipofika kwa madereva ndipo akili ikanirudia. Lori hili hata nilitoe safi namna gani, likirudi barabarani majirani watakuja na waya, na baada ya waya watakuja na msumari. Hawangeacha kuombana moto kwa sababu Nabwire amenuna. Na mimi mwenyewe nilikuwa nikichaji simu yangu kwa Amoit.

Kulipokucha nilirudi kwenye sanduku. Mwishoni kabisa kulikuwa na nafasi tupu. Nikaipa waya wake wenyewe, fyuzi yake ndogo yenyewe, na mdomo wa kuchomekea nje ya lori, chini ya mlango, ili mtu asiwe na sababu ya kufunua sanduku tena. Majirani wakizidisha, itakatika ya kwao tu, na lori halitajua. Nikaipaka rangi ya waridi, ile ambayo Amoit aliiweka kwa ajili ya sikukuu, kisha nikamwita aje aone. Aliinama, akatazama kwa muda mrefu, akagusa ile alama kwa ncha ya ukucha. "Umemaliza waridi yangu yote," akasema. Jioni ile sahani haikuonekana, na sufuria ilikuwa katikati.

Siku ya kushika sanduku mbingu ilikuwa imefunga, mvua iko Tororo inakuja, na yadi ilikuwa na giza la kutosha taa kuonekana. Walikuja mafundi, wakaja madereva kutoka foleni, na mama wa maandazi akahamishia karai lake hapo hapo. Barasa alisimama mbele, mikono kifuani. Amoit alijaza maji baridi kwenye sufuria yake kubwa kuliko zote, na nilipomkodolea macho akasema watu ni wengi na lazima wanywe. Wandera akavua kofia, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akawasha injini, akawasha taa kubwa, indiketa na waipa, akaanza kupiga honi kila mara kama alivyoagizwa. Nikaweka kiganja juu ya kifuniko. Niliogopa, nasema wazi. Joto la injini lilinipanda miguuni nami nikadhani linatoka kwenye sanduku, kisha nikadhani ni damu yangu mwenyewe. Niliitazama sufuria, ambayo machoni pangu siku ile ilikuwa pipa, na maji hayakuonyesha hata dalili ya kutikisika.

Watu wa yadi walipouona mdomo mpya chini ya mlango, wakafanya kile ambacho watu wa yadi hufanya. Amoit alichomeka balbu na redio, iliyokuwa ikitangaza mpira, na wachezaji wakawa wanatajwa majina. Mtu akaongeza simu. Mwingine akaongeza simu tatu. Kisha watu wa hoteli wakaleta televisheni yao ya betri waone kama itashika, na mwingine akaleta taa kubwa iliyong'olewa kwenye lori bovu. Nikasikia kitu kikilia tiki chini ya mkono wangu. Redio ikakatika katikati ya jina la mtu. Balbu ya turubai ikazima, na yadi nzima ikasema "aaa" kwa pamoja.

"Imeenda," Barasa akasema. "Toa mkono, dada. Usijiumize."

Mkono ulitaka kutoka. Vidole viwili vilikuwa tayari hewani. Kisha nikatazama mbele kupitia kioo, na pale kwenye mabati ya uzio nikaona miviringo miwili ya mwanga, imara, na waipa zikipita mbele yake bila haraka. Nikavirudisha vidole.

"Lori imezima?" Mzee Omuse aliuliza, maana macho yake hayakufika.

"Lori haijazima, mzee," nikasema. "Ni majirani wamezima."

"Taa kubwa?"

"Iko," watu wakajibu.

"Waipa?"

"Iko."

Wandera akapiga honi ndefu kabla hajaulizwa. Mzee akainua mkono. "Basi nyamazeni. Nabwire, sanduku?"

"Baridi, mzee."

Nikafunua kifuniko kwa upande, kwa mkono wa kushoto, nikaichomoa ile fyuzi ya waridi na kuiinua juu kila mtu aone ulimi wake uliokatika. Nikawaambia watoe hiyo taa na hiyo televisheni. Walivitoa bila ubishi. Nikapachika fyuzi nyingine, redio ikaendelea na mchezo, na Amoit hakuitazama, kwa sababu alikuwa ameinamia sufuria akiyapepea makaa kwa nguvu zake zote. Kiganja changu cha kulia hakikuondoka. Mvua ilianza kudondoka kwenye turubai na hakuna aliyekimbia. Hatimaye akasimama, akajifuta jasho kwa kanga, akasema kwa sauti ambayo nadhani Uganda waliisikia, "Nabwire, chai imechemka. Toa mkono."

Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na nimeolewa, nimezaa, nimejenga. Barasa alikuja wa kwanza. Aliweka kiganja chake mwenyewe juu ya sanduku, akakaa nacho hapo muda wa kutosha, kisha akasema, "Nionyeshe hiyo ya majirani." Nikamwonyesha. Mzee Omuse alivua kufuli la kibanda kutoka kwenye mkanda wake akanipa mbele yao wote, na mvua zilipoisha akarudi Amagoro. Barasa hakuhama. Tulifanya kazi langoni pamoja, na kabla mwaka haujaisha madereva wa foleni walikuwa wakiingia yadini wakiomba kufungiwa "ya waridi", hata wale waliotoka mbali kabisa wasiojua jina hilo lilitoka wapi. Amoit alilazimika kununua chupa za rangi hiyo tu, kwa ajili yetu.

Hayo yote tuliyasemezana na Amoit nyuma ya nyumba ya Wandera, tukikatizana, mpaka tukasikia vipaza sauti vya ibada vikikatika. Jenereta ilikuwa imekufa. Mtoto mkubwa wa marehemu, mwanamume mwenye ndevu, akaja mbio na waya mrefu, akainama chini ya mlango wa lori moja kwa moja bila kutafuta, kama mtu anayejua kabati la sukari liko wapi nyumbani kwao. Aliwasha injini. Kwaya ilipata mstari mmoja wa wimbo, kisha kimya tena. Nikamwona anatoa pakiti ya sigara mfukoni na kuanza kuchana ile karatasi ya kung'aa.

"Wewe," nikamwambia. "Baba yako alikufundisha hivyo?"

Alishtuka. "Hapana, mama. Alituambia ikikatika tutafute fundi."

"Amekuja."

Mkoba wangu wa kanisani hubeba Biblia, leso na fyuzi. Nikapanda, nikafunua kifuniko. Nyekundu ilikuwa imefifia, dhahabu imekuwa kahawia, lakini waridi ilikuwa waridi bado, na kila waya ulikuwa pale pale nilipouacha. Hakuna msumari, hakuna pini. Miaka yote ile Wandera hakumruhusu mtu. Hapo ndipo nilipomlilia, nikiwa nimeinamia dashibodi yake, wala sikuona haya. Nikamwambia kijana apunguze kipaza sauti kimoja, nikapachika fyuzi, na kwaya ikarudi kwa nguvu ikijaza boma lote mpaka barabarani. Nikafunika, nikaweka kiganja juu ya kifuniko.

Amoit alikuwa amekwenda mekoni kwa akina mama, kwenye yale masufuria makubwa ya matanga. Nilimwona kupitia mlango wa lori akinitazama, mwiko mkononi, kucha zake zimepakwa hata siku ile. Tulikaa hivyo mpaka wimbo wa pili. Kisha akaweka mkono mdomoni, akaniita mbele ya waombolezaji wote.

"Nabwire, chai imechemka. Toa mkono."

Sanduku lilikuwa baridi. Nilingoja wimbo umalizike, ndipo nikatoa mkono.